Mzimu Mbele ya Mpelelezi: Maelezo Juu ya Riwaya za Bwana Msa

Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipotunga Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotolewa mwaka 1960, alikabili tatizo la kifasihi: mpelelezi hutaka ushahidi, nao mzimu hauhojiwi. Maiti ya Bwana Ali yaonekana mahali panapoogopwa, na hofu hiyo yenyewe yatosha kumsitiri muuaji; kwani aaminiye kuwa pepo ndiye mkosaji hana haja ya kumtafuta mwanadamu. Bwana Msa, raia asiye askari, kiko mdomoni, habishani na imani hiyo. Hutafuta mkono wa mtu. Hapo ndipo kichekesho kizaliwapo: mambo yanapotisha na rafiki yake Najum akistaajabu, yeye huchungua vijambo vya kawaida. Kisima cha Giningi, riwaya ya mwaka 1968, nayo yachukua jina lake katika masimulizi ya wachawi. Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba wazee wanadhihakiwa. Kinacholaumiwa ni uvivu wa akili, unaowatwika wafu, wasioweza kujitetea, dhambi za walio hai.