Dawa ya Mitishamba ya Kisukari Hupimwaje?

Mkazi wa Waithaka anayeugua kisukari akisikia kwamba majani ya thabai au mwarobaini hushusha sukari, huenda akajiuliza: je, aache vidonge alivyopewa kliniki? Jibu ni hapana. Hata hivyo, mitishamba haidharauliwi. Metformin, kidonge kinachomezwa na wagonjwa wengi, asili yake ni mmea wa Ulaya uitwao Galega. Kemikali ya mmea huo ilishusha sukari lakini ilikuwa na sumu. Wanasayansi wakatengeneza nyingine inayofanana nayo, iliyo salama zaidi, na mwaka wa 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa.

Hapa Nairobi, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI) ina kituo cha kuchunguza dawa za kiasili. Katika utafiti wa aina hii, kwanza mtaalamu huutambua mmea, kwa kuwa jina moja la mtaani linaweza kutumika kwa mimea tofauti. Majani, magome au mizizi hukaushwa, husagwa na kulowekwa katika maji au spiriti ili kupata dondoo. Panya wa maabara wenye kisukari hupewa dondoo hiyo. Wengine hupewa dawa inayojulikana, na wengine hawapewi dawa yoyote, ili matokeo yalinganishwe. Ini na figo huchunguzwa pia.

Dondoo nyingi huishia hapo, kwani kinachomfaa panya si lazima kimfae binadamu. Kabla ya kujaribiwa kwa watu wanaojitolea, lazima kipatikane kibali cha kamati ya maadili na cha Bodi ya Famasia na Sumu. Kazi hii huchukua miaka.

Dawa ya chupa isiyopimwa haina kipimo kinachojulikana. Ikichanganywa na vidonge, sukari inaweza kushuka kupita kiasi, mgonjwa akatokwa jasho, akatetemeka au kuzirai. Naye anayeacha vidonge au insulini, sukari hupanda na kuharibu macho, figo na miguu.

Anayetumia mitishamba asifiche. Amweleze mhudumu katika Kituo cha Afya cha Waithaka au kliniki anayohudhuria, aendelee na dawa zake na kupima sukari. Anayeuziwa dawa ya mitishamba aulize kama imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu.