Je, Wajua Sweta Haina Joto?

Saa moja asubuhi kwenye steji ya Kamukuywa, barabara ya Webuye kwenda Kitale, hutakosa mwendesha bodaboda aliyevaa jaketi kinyumenyume, zipu mgongoni, na kofia ya mavini ameivuta hadi kwenye nyusi. Ndani ya jaketi mna sweta, na wengi huamini kwamba hiyo ndiyo inayowapasha joto. Sweta haipashi chochote. Itundike kwenye msumari usiku kucha, na alfajiri utaikuta na baridi ileile ya ukuta.

Mwenye joto ni wewe. Mtu mzima aliyeketi kimya hutoa joto la takriban wati 100, na sweta hulichelewesha tu lisitoroke. Inalizuia kwa hewa. Hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi, nao ufumaji huinasa katika vitundu vidogo visivyohesabika. Upepo wa pikipiki ukipenya, hewa hiyo iliyokwisha kupata moto hupeperushwa na sweta hubaki kitambaa chenye matundu. Kwa hiyo anayegeuza jaketi ana akili zake: kifuani hakuna mwanya wa zipu wa kupitisha upepo. Mvua ni balaa zaidi, kwa sababu maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Sweta iliyolowa heri uivue.

Mwaka 1941 wanasayansi watatu, Gagge, Burton na Bazett, walipendekeza kipimo cha mavazi kinachoitwa klo. Klo moja ni mavazi yanayomtosha mtu aliyetulia katika chumba chenye digrii 21 za Selsiasi, yaani kama suti kamili. Fulana nyepesi haifikishi hata 0.1. Sweta nzito ya mikono mirefu hupata kama 0.36. Wahandisi wa majengo nao hukadiria kwamba kila 0.1 ya klo hukuwezesha kustahimili ubaridi wa takriban digrii 0.6 zaidi, kwa hiyo sweta yako nzito ina thamani ya digrii mbili hivi. Ni kidogo kuliko wengi tunavyodhani!

Sasa ipeleke hesabu hiyo barabarani. Hewa hupoa kwa wastani wa digrii 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na digrii mbili ni kama mita 300. Mji wa Bungoma uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Kitale karibu mita 1,900. Anayetoka Bungoma kwenda Kitale anadaiwa sweta moja na nusu, na anayetoka Kisumu anadaiwa zaidi ya mbili. Basi la usiku la Nairobi linalopitia Eldoret hupanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Hapo hesabu ya sweta hufika mwisho, abiria mwerevu hutoa leso au blanketi.

Ajabu ni kwamba baridi ya ndani wakati mwingine huishinda ya nje. Watalii wanaoshuka melini Mombasa hubeba sweta kwa ajili ya viyoyozi vya humo melini, si kwa ajili ya Mombasa. Kitale hali hiyo hupatikana bila kiyoyozi. Kuta nene za mawe huhifadhi baridi ya usiku, kisha huchukua saa nyingi kupata joto. Saa nne asubuhi jua limeshawaka nje, na karani bado amejikunyata ndani ya koti, akitafuta kisingizio cha kutoka akaote jua. Mabati ni kinyume: ni membamba, hayahifadhi kitu. Mchana chumba huwa tanuri. Usiku wa Januari, anga ikiwa safi, paa hupoteza joto lake haraka kuelekea angani, na kufikia alfajiri tofauti ya ndani na nje ni upepo tu. Kwa usingizi, mimi naipa nyumba ya udongo, yenye kuta nene, ushindi.

Ukienda mitumbani kununua sweta, wahi robota likifunguliwa. Nguo bora, zile ziitwazo kamera, huondoka kwanza. Fagia, yaani masalio, ni za watakaochelewa. Inua sweta kwenye mwanga: ukiona jua limepenya kila mahali, imechakaa. Chomoa uzi mmoja uuchome. Sufu hunuka nywele zilizoungua, na jivu lake hupondeka vidoleni. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Sufu huweza kufyonza unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi imelowa. Akriliki, ambayo kampuni ya Du Pont ilianza kuiuza mwaka 1950 kwa jina Orlon, haina uwezo huo, lakini ni nafuu na hukauka upesi. Kwa mtoto wa shule anayefuliwa sweta Jumamosi, hilo ni jambo kubwa.

Baridi ikizidi, vaa sweta mbili nyembamba badala ya moja nene, maana kati yake hunaswa hewa ya ziada. Na tafadhali, usiingize jiko la makaa chumbani ukafunga madirisha. Gesi ya kaboni monoksidi haionekani wala hainuki, nayo huua watu wakiwa usingizini.