Mpumbu alitoweka, Kashikishi ikabaki

Usiku wa giza, Ziwa Mweru huwaka taa. Ni mitumbwi ya wavuvi wa Kashikishi, wilayani Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, inayomvutia chisense, samaki mdogo mfano wa dagaa. Kukicha, kinamama humwanika juani na kumgeuza huku jicho likiwa kwenye mawingu, maana mvua ikimkuta kabla hajakauka, mtaji umeoza.

Zamani pesa ya huku ilikuwa kwa mpumbu, samaki mkubwa aliyepanda Mto Luapula msimu wa mvua kwenda kutaga. Migodi ya shaba ya Katanga ilihitaji kitoweo, na wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga, ng'ambo ya mto upande wa Kongo, walinunua samaki kwa wingi. Nyavu zikatandwa mtoni wakati uleule mpumbu amejaa mayai. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950, biashara yake ilikuwa imekufa.

Watu hawakuhama. Walishika perege, na perege alipopungua wakamgeukia chisense, ambaye awali hakuwa na thamani kubwa sokoni. Mchagua jembe si mkulima. Chisense hukua upesi na kuzaana upesi. Akishakauka hahitaji barafu, hivyo husafirishwa kwa magunia hadi miji ya migodi ya Copperbelt. Hata mama mwenye mtaji mdogo huweza kuingia katika biashara hiyo. Na nyuma ya nyumba kuna shamba la mihogo, chakula cha siku ambazo ziwa halitoi kitu.

Moyo huo wa kuanza upya unaonekana pia Mantapala, makazi yaliyofunguliwa Nchelenge mwaka 2018 kwa Wakongo waliokimbia vita, wengi wao wasemaji wa Kiswahili. Familia zilipewa ardhi ya kulima ili zisibaki kungoja mgawo tu.

Ushirika, kampuni au familia yoyote inayoishi kwa mteja mmoja au zao moja ijifunze hapa. Pigo halipigi hodi. Atakayesimama tena ni yule aliyekuwa na njia ya pili, na ambaye haoni aibu kuanza na kidogo.

Lakini uhodari wa kubadilika una mpaka. Kila mwaka Zambia husitisha uvuvi katika maji yake mengi kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Tanzania nayo ilifunga Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu mwaka 2024. Miezi hiyo ni michungu kwa mvuvi, ila bila hiyo yatajirudia ya mpumbu. Baada ya chisense hakuna samaki mdogo zaidi wa kukimbilia. Basi msimu wa kufunga uheshimiwe pande zote mbili za Ziwa Mweru, na mwenye kuvulia chandarua akitoe majini leo.