Mtoto Akirudishwa Nyuma kwa Sababu ya Hesabu



Kila Januari, shule zinapofunguliwa, wanachama wetu wa Nchelenge, Kashikishi na Chiengi hutuletea shauri lile lile. Mtoto alikuwa akiongoza katika hesabu huko ng'ambo ya ziwa, Pweto au Kilwa. Amevuka na wazazi wake, ameandikishwa shule ya Zambia, na sasa ameketi na watoto wadogo wanaojifunza kugawanya. Baba amekasirika, mama amenyamaza, mtoto mwenyewe haoni haja ya kwenda shule tena. (Kilwa tunayoitaja ni ule mji wa Kongo, si kisiwa cha Kilwa kilicho upande wetu wa Mweru, wala si ile Kilwa ya pwani ya Tanzania.)

Jambo hili linawahusu wengi. Mwaka 2017 maelfu ya watu walikimbia mapigano ya Katanga na Tanganyika, wakapokelewa Kenani, na mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa katika wilaya yetu ya Nchelenge. Wengine walivuka zamani kwa ndoa na biashara ya samaki. Tumeona yafaa tueleze namna shule inavyompangia mtoto darasa, kwani mara nyingi ugomvi hutokea pale mzazi asipoelezwa lolote.

Tuanze na kalenda. Shule za Kongo hufungua Septemba na kufunga karibu na Julai. Za Zambia huanza Januari na zina mihula mitatu. Mtoto aliyemaliza mwaka wa sita wa msingi huko mwezi wa Julai, akifika huku Agosti, anakuta muhula wa pili unakwisha. Mwalimu mkuu ana njia mbili tu: amwingize darasani kwa muhula mmoja uliobaki, au amwambie asubiri Januari. Zote mbili zina hasara. Na kama darasa hilo ni la mtihani, mzazi aulize siku ile ile ya kwanza: je, jina la mtoto wangu litaingia katika orodha ya watahiniwa? Orodha hiyo hupelekwa kwa Baraza la Mitihani la Zambia mapema, miezi mingi kabla ya mtihani. Mtoto anaweza kuketi darasani mpaka Oktoba, amevaa sare na ana madaftari, kisha siku ya mtihani akaambiwa hayumo.

Halafu kuna hesabu ya miaka yenyewe. Shule ya msingi ya Kongo ina miaka 6. Ya Zambia, kwa utaratibu uliozoeleka, ilikuwa na gredi 7. Basi mtoto aliyemaliza mwaka wa sita kule akipelekwa Gredi 7 huku, hajaonewa. Akipelekwa Gredi 4, hapo mzazi ana haki ya kuuliza sababu. Tena utaratibu wenyewe unabadilika. Mwongozo mpya wa mitaala wa 2023 umepanga miaka 6 ya msingi, kisha Fomu 1 hadi 4, na juu yake Fomu 5 na 6. Januari 2025 watoto waliomaliza Gredi 7 mwaka 2024 waliingia Fomu 1, si Gredi 8 kama kaka zao. Katika mpito huu msishangae mkiwasikia watoto wa nyumba moja wakitaja gredi na fomu kwa pamoja.

Sasa tufike kwenye hesabu, ambako ndiko watoto wetu wanakopotelea.

Mtoto wa Kongo amefundishwa kwa desturi ya Kibelgiji, na wa Zambia kwa desturi ya Kiingereza. Hesabu ni ile ile, maandishi ndiyo mbali. Kule, tatu na nusu huandikwa 3,5 kwa mkato. Huku huandikwa 3.5 kwa nukta. Kule nukta yaweza kutumika kutenga maelfu, hivi kwamba 2.750 ni elfu mbili mia saba hamsini. Huku 2.750 ni mbili na robo tatu. Ndugu zetu wanaopima majani ya chai kule Kawambwa wataelewa mara moja: kilo 2.750 na kilo 2,750 si mzigo mmoja, na karani akikosea alama hiyo mshahara unakwenda na maji. Basi mtoto anaulizwa ni ipi kubwa, 2.750 au 28. Anajibu 2.750, anawekewa mkasi. Kwa alivyofundishwa, amejibu sawa.

Kugawanya nako ni hivyo hivyo. Tuchukue 156 kugawanya kwa 12. Mtoto wa Kongo huandika 156 kushoto, anapiga mstari wa wima, 12 anaiweka kulia, na jibu analiandika chini ya 12. Mwenzake wa Zambia anaanza na 12 kushoto, 156 inakaa chini ya paa, jibu linapanda juu ya paa. Wote wawili wanapata 13. Lakini mwalimu mwenye watoto wengi darasani, akiangalia daftari kwa haraka, anaona mtoto aliyepindua kazi yote. Hatumlaumu sana mwalimu huyo, naye ni mfanyakazi kama sisi na darasa lake limejaa.

Mwisho iko lugha. Mtaala wa 2013 uliagiza Gredi 1 hadi 4 wafundishwe kwa lugha ya Zambia, ambayo hapa Luapula ni Kibemba, na kutoka Gredi 5 kwa Kiingereza. Watoto wengi wa ng'ambo wanakisikia Kibemba vizuri, lakini walisomeshwa kwa Kifaransa. Swali la hesabu lililoandikwa kwa maneno ya Kiingereza linapima Kiingereza kwanza.

Kwa hiyo tunawashauri wazazi: msibishane juu ya gredi. Ombeni mtoto apimwe hesabu peke yake, kwa maswali ya tarakimu bila maneno, na mwalimu aelezwe mapema habari ya mkato na nukta. Chukueni daftari lake la zamani na ripoti ya Kongo, hata kama imeloa majini. Ikionekana hesabu anaiweza na Kiingereza ndicho kinachomwangusha, ombeni apangwe kwa hesabu yake na asaidiwe lugha. Shule si lazima ikubali, ila ikikataa itoe sababu, nanyi muulize lini atapimwa tena.

Hatusisitizi hesabu kwa sababu ya fahari. Chuo cha uuguzi au cha ualimu huku hutaka masomo matano yenye alama ya krediti, yaani 6 au bora zaidi katika mpango wa 1 mpaka 9, na hesabu na Kiingereza hazikosi katika hayo matano. Mtoto aliyekata tamaa ya hesabu akiwa na miaka 13 amejifungia milango hiyo kabla hajaijua.

Juu ya ripoti za mwisho wa muhula tuna neno moja. Zimeandikwa kwa Kiingereza, na katika nyumba nyingi msomaji ni mtoto mwenyewe. Mtoto akiwa mkalimani wa ripoti yake, 38 huweza kugeuka 83. Mpelekeeni jirani mzima, au mleteni mwakilishi wa chama tawini.

Fedha tutaieleza kwa ufupi. Tangu 2022 shule za serikali hazitozi ada ya masomo, ya mtihani, wala mchango wa chama cha wazazi na walimu, mpaka mwisho wa sekondari. Sare na madaftari bado ni juu yetu, na yanadaiwa Januari, wakati uvuvi umefungwa tangu 1 Desemba hadi mwisho wa Februari na mama anayeuza samaki Kashikishi hana cha kuuza. Wekeni akiba Novemba.

Sasa wanachama wanasema: mikutano ya wazazi hufanyika siku ya kazi, nasi tuko zamu. Ni kweli. Lakini Sheria ya Ajira Na. 3 ya mwaka 2019 inampa mfanyakazi siku 3 kwa mwaka, zenye malipo, kwa ajili ya malezi, afya au elimu ya mtoto wake. Wengi hawaijui, na wasimamizi wengine hawana haraka ya kuitaja. Ombi liandikwe mapema, litaje siku ya mkutano na jina la shule, na nakala yake apewe mwakilishi wa chama kabla msimamizi hajajibu.