Mvi Si Ushahidi wa Uchawi

Msomaji, ukivuka Likoni kwa feri ukashika barabara ya kusini, utapita Diani na minazi yake hadi ufike Msambweni. Ni Kwale ya kupendeza. Lakini katika vijiji vya ndani, kama kule Kilifi, wako wazee wasiopata usingizi kwa sababu ya mvi zao. Neno "mchawi" likishatamkwa, mzee huhama nyumba yake usiku. Wengine wameuawa.

Iko filamu inayoeleza jambo hili kwa upole. Inaitwa The Letter, yaani Barua. Ni kazi ya Maia Lekow, mwanamuziki wa Kenya, na mumewe Christopher King, mzaliwa wa Australia. Usitarajie waigizaji. Utakaowaona ni watu wenyewe wakisema yao, kwa Kiswahili na Kigiriama. Ilionyeshwa kwanza Amsterdam mwaka 2019, kisha Kenya ikaiteua iiwakilishe katika mashindano ya Oscar ya 2021.

Karisa, kijana anayeishi Mombasa, anapata habari kupitia Facebook kwamba nyanya yake, aliyepita umri wa miaka 90, anaitwa mchawi. Anarudi nyumbani Kilifi kuulizia. Anakuta ukoo umegawanyika: wako wanaomlaumu nyanya kwa misiba yao, na wako wanaomtetea. Watengenezaji wa filamu hawamkemei mtu. Wanakaa, wanasikiliza, na wanaomshtaki nyanya nao wanapewa nafasi ya kusema. Na kadiri Karisa anavyouliza, ndivyo mazungumzo yanavyorudi kwenye jambo moja: shamba.

Hapo ndipo filamu ya Kilifi inapomgusa mtu wa Kwale. Wadigo na Waduruma ni Wamijikenda kama Wagiriama. Na ardhi ya Diani hadi Msambweni, ambako jana palipandwa mihogo, leo inatafutwa na wanunuzi. Mara nyingi anayeijua mipaka ni mzee. Je, akiondolewa, nani atabaki kupinga uuzaji?

Usidhani sheria imenyamaza. Sheria ya Kenya kuhusu uchawi, iliyotungwa mwaka 1925, inamfanya mkosaji hata yule anayemwita mwenzake mchawi ovyo bila kupeleka habari kwa wakuu wanaohusika. Lakini sheria haifiki jikoni, ambako uvumi huanzia. Wewe unafika.

Basi wewe mwanafunzi au mzazi uliye mjini, ukisikia nyanya fulani kijijini anasingiziwa, usiupeleke uvumi mbele. Uliza kwanza: nani analitaka shamba lake? Kisha safiri ukamwone. Keti naye kibarazani, majirani wakuone.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Tukiwafukuza wazee, litatengenezwa na nani?