Je, Wajua? Ziara nayo hutunga nyimbo
Ani DiFranco, mtunzi na mwimbaji wa Buffalo, Marekani, alianzisha kampuni yake ya kurekodi, Righteous Babe, mwaka 1990, na kanda zake za mwanzo aliziuza mwenyewe kwenye maonyesho. Wengi huichukulia ziara kuwa biashara tu: wimbo hutungwa nyumbani, njiani unauzwa. Mikono yake inaonyesha vingine. Hupiga gita kwa kucha za bandia zilizozungushiwa tepu ya mafundi umeme, nyuzi zikichapwa kama ngoma, kwa sababu mtu aliye peke yake jukwaani, tena kwenye baa yenye makelele, hana budi gita limbebee na mdundo. Mtindo wa namna hiyo haufundishwi na studio tulivu. Hata albamu yake maarufu, Living in Clip ya mwaka 1997, ilirekodiwa ziarani, na humo nyimbo za zamani zimebadilika mwendo na hisia.

Atakayepinga atasema safari hula muda wa kutunga. Lakini miaka ya 1990 alitoa albamu karibu kila mwaka huku akizunguka. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la mwili: mwaka 2005 maumivu ya kano za mikono yalimlazimu asimamishe maonyesho. Hapo hoja ya kwamba msanii anayejitegemea hutunga na kuuza akiwa ziarani inayumba kidogo, maana akiugua, duka na karakana hufungwa siku moja.