Kupima Nadharia Tete katika Utafiti wa Lugha: Mfano wa Rungwe

1.0 Utangulizi

Kauli nyingi kuhusu athari za lugha za kwanza katika Kiswahili hujengwa juu ya mifano michache iliyokusanywa kwa sikio. Mtafiti husikia "sawadi" mahali pa "zawadi" sokoni Tukuyu, akasikia tena siku ya pili, kisha akaandika kwamba wasemaji wa Kinyakyusa hubadili /z/ kuwa /s/. Huenda kauli hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, kusikia si kupima, na kauli kama hiyo ikishaingia katika vitabu vya walimu humfuata mtoto darasani kama hukumu.

2.0 Dai na Kinyume Chake

Dai lenyewe lina msingi wa kiisimu. Kinyakyusa, ambacho Malcolm Guthrie alikiweka katika kundi la M31, husemwa hasa Rungwe na Kyela. Kina irabu saba, ilhali Kiswahili kina tano; kina /f/ na /s/, lakini hakina /v/ wala /z/. Kwa hiyo mtafiti ana sababu ya kutarajia kwamba wanafunzi ambao lugha yao ya kwanza ni Kinyakyusa wataandika "s" badala ya "z" mara nyingi kuliko wenzao waliokulia katika Kiswahili. Matarajio hayo ndiyo nadharia tete.

Takwimu haipimi matarajio hayo moja kwa moja. Huanza na kinyume chake, yaani nadharia tete sifuri, isemayo kwamba makundi mawili hayatofautiani. Kisha huuliza: iwapo hakuna tofauti yoyote, kuna uwezekano gani wa kupata matokeo kama haya, au yaliyo mbali zaidi na matarajio ya nadharia hiyo, kwa bahati tu?

Ronald Fisher alilieleza jambo hili mwaka 1935 kwa mfano ambao mkulima wa chai wa Rungwe angeufurahia. Bibi mmoja alidai kuwa anaweza kutambua kwa kuonja kama kikombe kilitiwa maziwa kwanza au chai kwanza. Vikaandaliwa vikombe 8, vinne vya kila aina. Kuna njia 70 za kuchagua vikombe vinne kati ya vinane, na ni moja tu iliyo sahihi kabisa. Anayebahatisha ana nafasi 1 kati ya 70, yaani takriban 0.014. Uwezekano huo ni mdogo kuliko 0.05, mpaka uliozoeleka katika utafiti. Hivyo bibi akipatia vyote, dai la kwamba anabahatisha hukataliwa.

3.0 Hesabu ya Mfano

Tuchukulie, kwa mfano wa kubuni, wanafunzi 100 wa kila kundi walioandika imla ileile. Katika kundi la Kinyakyusa 30 walikosea "z". Katika kundi la Kiswahili 18. Waliokosea ni 48 kati ya 200, kwa hiyo kama hakuna tofauti tungetarajia 24 katika kila kundi. Jaribio la kai-mraba, lililotolewa na Karl Pearson mwaka 1900, hulinganisha idadi zilizopatikana na zilizotarajiwa. Hapa jibu ni 3.95, na kikomo cha jedwali la namna hii katika kiwango cha 0.05 ni 3.84. Nadharia tete sifuri inakataliwa, ingawa kwa tofauti ndogo sana.

Sasa sampuli ipunguzwe nusu: 15 kati ya 50, na 9 kati ya 50. Asilimia ni zilezile, 30 na 18, lakini jibu linakuwa 1.97 na nadharia tete sifuri haikataliwi. Je, athari ya Kinyakyusa imetoweka? La. Ushahidi ndio uliopungua. Kushindwa kukataa si sawa na kuthibitisha kwamba hakuna tofauti.

4.0 Tahadhari

Kwanza, jaribio hili hudai kwamba kila mtu ahesabiwe mara moja. Maneno kumi ya mwanafunzi mmoja si wanafunzi kumi. Vilevile, darasa zima lililofundishwa na mwalimu mmoja hubeba mazoea ya mwalimu huyo.

Pili, kundi moja likitoka mjini Tukuyu na jingine likatoka vijijini Mwakaleli, tofauti itakayoonekana huenda ikatokana na vitabu na shule, wala si lugha ya kwanza. Inafaa makundi yote mawili yatoke katika shule zilezile.

Tatu, 0.05 ni mapatano tu. Mwaka 2016 Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko kikikumbusha kwamba thamani ya p haipimi uwezekano wa nadharia tete kuwa ya kweli, wala ukubwa wa athari.

5.0 Hitimisho

Mtafiti wa lugha hulazimika kutaja nadharia tete yake na ukubwa wa sampuli kabla ya kukusanya data, na kutoa idadi kamili baadaye, hata zinapomkatisha tamaa. Maneno "ushahidi hautoshi" hayamvunjii mtafiti heshima. Humwepusha mwanafunzi wa Rungwe na kubandikwa kosa ambalo hakuna aliyelipima.